Kiti Kipya cha Baiskeli na Kaptula ya Oloo

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Kampuni ya Bima ya Hetherley, Bwana Meneja, na makarani wote mliopewa viti vya kukalia,

Sisi matarishi wa baiskeli wa ofisi hii ya Delamere Avenue tuna furaha kusimama mbele yako. Kusimama kwenyewe ni furaha, maana kukaa kumetushinda. Karani Ephantus atakutafsiria, nasi tunamwomba asiruke neno kwa kutuonea haya.

HISTORIA YETU

Zamani baiskeli zetu zilikuwa na viti vya ngozi vyenye springi. Vilikuwa vikuukuu, vililia kila tulipopita shimo, lakini vilikuwa vimetuzoea. Tulipeleka barua mpaka Woodley kwa Ngong Road, na kaptula ya kaki ilimaliza mwaka. Hatukujua kwamba tunaishi kishenzi. Ndipo mwaka jana, 1955, huruma ilipokushika ukatuletea viti vya kisasa.

MAFANIKIO

Viti hivi vinang'aa sana. Havina springi, kwa sababu springi ni anasa. Juu yake umepita mshono mnene unaomjulisha mpandaji kila jiwe la Ngong Road. Karatasi iliyokuja navyo ilisema mpandaji atasahau kwamba amekalia kitu. Ni kweli tupu. Tukifika Woodley hatusikii chochote huko nyuma.

Kaki nayo imeendelea. Masika hayajaisha, kaptula imeshakuwa chujio la chai. Na kwa kuwa kampuni hutoa kaptula moja kwa mwaka, na kiraka ni marufuku, tumebuni adabu mpya: tarishi akishakabidhi barua, hutoka ofisini kinyumenyume, uso kwa bwana, mpaka mlangoni. Bwana Meneja alipendezwa mno. Tulimsikia akiwaeleza wageni kwamba ni mila ya makabila yetu tangu enzi za wafalme. Mwenzetu Mungai, mzaliwa wa Kangemi, alimwuliza baba yake habari za wafalme hao. Mzee bado anawatafuta.

SHIDA

Shida yetu inaitwa Oloo.

Juzi Oloo alipeleka barua kwa Bwana Meneja, akakuta mabibi wakinywa chai. Alikabidhi vizuri, akaanza kurudi nyuma kama kawaida. Bibi mmoja akaangusha leso karibu na mlango. Oloo, kwa malezi aliyopewa na mama yake, akageuka akainama kuiokota. Mabibi wakaona kazi yote ya kiti chako kwa wakati mmoja.

Bwana Meneja alimfukuza kazi papo hapo kwa uvaaji wa aibu. Oloo akasema polepole, "Bwana, mimi sikupasua hii nguo. Kiti ndiyo imepasua." Akajibiwa kwamba kiti ni cha kisasa, hakiwezi kufanya hivyo.

Oloo ana mke, Lornah, na mtoto anayenyonya. Chumba chao ni cha kampuni, na Jumamosi wanatolewa. Asiye na kazi haachwi akae Nairobi siku hizi, Bwana Mkurugenzi, unajua hivyo kuliko sisi. Jambo hili limetuuma, na hapa hatufanyi mzaha.

MAOMBI

Hatuombi springi. Mtu akishaendelea harudishwi nyuma. Tunaomba Oloo arudi kazini kabla ya Jumamosi.

Tumesikia kwamba viti hivi ulivichagua mwenyewe, na kwamba wewe ni mtu wa haki. Basi baiskeli ya Oloo iko hapo nje, tumeifuta vumbi. Tafadhali ipande mpaka Woodley na kurudi, na suruali hiyo hiyo uliyovaa. Ukirudi nayo nzima, tutakubali kwamba Oloo ni mzembe, na sisi wenyewe tutambebea mizigo mpaka stesheni. Isiporudi nzima, usione haya. Lornah yuko pale nyuma na mtoto mgongoni. Amekuja na sindano na uzi, na amesema ataishona suruali yako bila kukuuliza ilipasukaje.

Mungu akutangulie njiani, azibe mashimo yote atakayoweza, na akurudishe kwetu salama juu na chini.

Ni sisi,
Matarishi wa Baiskeli, Delamere Avenue, Nairobi.
Imesomwa kwa niaba yao na Haron Sifuna, akiwa amesimama.