Sekela Anania na Viti vya Nyuma

Mchungaji wetu, wazee, ndugu, majirani, nanyi mliokuwa mkifanya kazi pamoja naye, mimi ni Andendekisye Anania, mdogo wake marehemu, ambaye wengi wenu mnanifahamu kama fundi wa redio pale sokoni, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu Sekela, nami naomba mniwie radhi tangu mwanzo, kwa sababu yamo mambo ambayo Mchungaji alinishauri nisiyaseme kanisani, nikamtii, ndiyo maana nayasema hapa uani kwetu, kabla hatujamsindikiza, maana yeye mwenyewe alitaka yasemwe.

Marehemu Sekela alizaliwa tarehe 14 Februari 1936 hapa hapa Iganzo, chini ya mlima Loleza, akiwa mtoto wa pili wa mzee Anania, aliyetoka Rungwe akaja kulima viazi na ngano katika miteremko hii, na tangu utoto alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti kubwa, asiyependa baridi hata kidogo, na asiyekubali jibu la kwamba mambo yako hivyo kwa sababu ndivyo yalivyo.

Alianza shule ya misheni mwaka 1945, akaendelea na shule ya kati ya wasichana ya Loleza mwaka 1949, akasoma sekondari Tabora, na mwaka 1959 akaingia Chuo Kikuu cha Makerere kusomea kilimo, ambako siku ya kwanza alipoingia maabara mtu mmoja alidhani ni mfanyakazi wa usafi, akamwelekeza kwenye karai la vyombo vichafu, naye Sekela akakunja mikono ya gauni, akaviosha vyote, akajifuta, kisha akaenda kukaa kwenye meza ya mbele na kufungua kitabu chake, na alipotusimulia jambo hilo likizo alicheka mpaka baba naye akacheka, ingawa mama hakucheka.

Mwaka 1963 aliajiriwa mkoani Iringa kama mtafiti wa mazao, na huko, katika kanisa la Kalenga, akakutana na mwalimu Eliezeri, ambaye ni huyu shemeji yetu mnayemwona ameketi karibu na jeneza, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 1966, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lusia aliyezaliwa mwaka 1968 na Danieli aliyezaliwa mwaka 1971, na kati ya vizazi hivyo viwili, mwaka 1970, marehemu alihamishiwa kituo cha utafiti cha huku Mbeya, kazi iliyomrudisha nyumbani kwao.

Katika kituo hicho alimpata msaidizi aliyemwita mdogo wake, naye ni Roza Bujiku, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, msichana aliyehitimu chuo cha kilimo, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo ambayo ukiisikia mara moja huisahau, na Roza ndiye aliyeanzisha na kusimamia majaribio ya mpunga unaokomaa kabla maji ya Usangu hayajakauka, kazi aliyoifanya kwa misimu kadhaa akiwa na matope mpaka magotini, na mwezi wa Agosti mwaka 1973 kazi hiyo ilipangwa isomwe katika mkutano wa mwaka wa watafiti wa mazao wa Nyanda za Juu, mjini Iringa.

Siku ya Jumapili tarehe 19 Agosti 1973 safari ilianza, Landrova ya kituo ikapakia wataalamu wanaume, na ingawa nafasi moja ilikuwa wazi, iliwekwa mikoba yao, marehemu akapata kiti kwenye gari la misheni, na Roza akaambiwa apande lori lililobeba sampuli, akae juu ya magunia, akae pia tayari kulala kwa mtu yeyote atakayemfahamu huko Iringa, kwa kuwa bweni la wajumbe lilikuwa la wanaume tu.

Asubuhi ya Jumatatu mkutano ulifunguliwa, na mwenyekiti, Dokta Jailos, akawa anaviita vituo kimoja kimoja, akafika kwetu akauliza, "Kituo cha Mbeya, mmefika wote?" na sauti ya mwanamke ikajibu kutoka viti vya nyuma, "Bado," sauti ya wazi, isiyo na haraka, na marehemu, ambaye alikuwa mwanamke pekee ukumbini, akiwa ameketi kando ya dirisha, aliitambua ile sauti, akageuka huku akitabasamu kwa sababu alijua Roza amefika, lakini viti vya nyuma vilikuwa vitupu vyote, na mlango ulikuwa umefungwa.

Wenzake walidhani ni yeye aliyejibu, wakamtazama vibaya, na yeye akatoka nje kumtafuta Roza, akazunguka jengo zima, akauliza jikoni, akauliza getini, akarudi bila kumwona, na ilipofika saa sita ndipo zikaja habari kwamba lile lori lilipinduka jana yake jioni karibu na Igawa, dereva amevunjika mguu, na Roza Bujiku amefariki pale pale barabarani, chini ya magunia ya mpunga wake mwenyewe.

Ndugu waombolezaji, mkutano haukuahirishwa, wakasimama kimya kwa muda mfupi kisha wakaendelea, na alasiri mtaalamu mmoja wa kiume akapanda jukwaani akasoma matokeo ya mpunga wa Usangu kama kazi yake, ndipo marehemu akasimama akasema, "Ndugu Mwenyekiti, hiyo kazi ni ya Roza," na Dokta Jailos akamjibu, "Dada Sekela, tunaelewa una huzuni, lakini hapa ni mahali pa sayansi, tafadhali kaa," na dada yetu akakaa, lakini hakukaa pale alipokuwa, alitembea ukumbi mzima mbele ya macho ya watu, akaenda kukaa kwenye viti vya nyuma, peke yake, mpaka mkutano ukafungwa.

Alikwenda Usangu kumzika Roza, na mama wa Roza, Mama Kalista Ngolo, hakulia mbele yake, alimshika mkono tu akamuuliza, "Mwanangu alikuwa amesoma, sasa kwa nini alipakiwa na mizigo?" na marehemu aliniambia kwamba katika mitihani yote aliyofanya maishani, hilo ndilo swali pekee alilolikosa kabisa, na tangu siku ile hakulala vizuri.

Mwaka 1974 mkutano ulifanyika hapa Mbeya, na Dokta Jailos, kwa mazoea tu, akauliza tena, "Jamani, tumefika wote?" na sauti ile ile ikajibu, "Bado," ikasikika kwa kila mtu, akiwemo mgeni rasmi, aliyegeuka akitafuta ni nani huyo, na watu waliokuwa wamekaa nyuma wakahama mmoja mmoja kimya kimya, wengine wakasema ni mwangwi wa bati, wengine wakasema ni marehemu Sekela anayejua kusema bila kufungua mdomo, na mzee mmoja wa kituo cha Iringa akaondoka kabla ya chakula cha mchana, akasema hana kazi ya kujadiliana na wafu.

Mwaka uliofuata mwenyekiti hakuuliza, lakini hali haikuwa nyepesi, kwa sababu safu ya nyuma ilibaki tupu siku zote za mkutano, hata wajumbe waliokosa nafasi walipendelea kusimama, na kila mzungumzaji alikuwa akisoma huku macho yake yanakimbilia kule nyuma, ndipo dada yetu, aliyekuwa ameketi huko peke yake na koti la mumewe mabegani, akanyanyuka akawaambia, "Mnaviogopa viti, hamuogopi mlichokifanya," na hakuna aliyemwambia akae.

Kuanzia hapo alisikilizwa, iwe kwa woga au kwa aibu, na alidai mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida, kwamba hakuna mjumbe atakayesafirishwa juu ya mizigo iwapo kuna kiti, kwamba wanawake wapewe bweni, kwamba mama anayenyonyesha aje na mtoto wake, kwamba anayefanya kazi ndiye aisome na jina lake litajwe, kwamba watu wazungumze Kiswahili ili wanaofanya kazi mashambani waelewe na wachangie, na kwamba mkutano ushuke kutoka ghorofani, maana mtafiti mwenzao Yotamu, anayetembea kwa magongo, alikuwa akibebwa ngazini kama kabati, mwenyewe akifumba macho kwa fedheha, na yote hayo aliyapigania mwaka hadi mwaka, akipoteza marafiki, akinyimwa cheo mara mbili.

Mwaka 1976, mjini Iringa, niliitwa mimi kufunga vipaza sauti, nami sikuamini habari za sauti, kwa kuwa kazi yangu ni sauti, nikakagua nyaya zote, nikakaa kwenye mashine yangu pembeni, na mwenyekiti alipouliza lile swali, kwa sababu dada alimtaka aulize na asikwepe, mimi nilizima mashine kwa mkono wangu, sindano ya kipimo cha sauti ikalala sifuri, na hapo hapo nikasikia, "Bado," karibu kabisa na bega langu, na pumzi baridi ikapita shingoni, nami siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo, nasema tu nilichosikia.

Mwaka 1977 mambo mengi yalikuwa yamebadilika, wanawake watafiti walikuwa wamejaa safu mbili, Yotamu aliingia kwa miguu na magongo yake mwenyewe, kazi ya mpunga ilisomwa upya kwa jina la Roza Bujiku, na Dokta Jailos alipouliza kama wote wamefika, watu walishika viti vyao wakasubiri, na hakuna sauti iliyojibu, wengine wakaanza kupiga makofi kwa furaha, ndipo Sekela akasimama na kusema, "Bado," akauliza wako wapi wanawake wa Usangu waliopalilia yale majaribio, na mbona hakuna hata mmoja aliyealikwa, na wote waliokuwepo wanasema kwamba sauti iliyotoka kinywani mwake siku ile haikuwa yake tuliyoizoea, ilikuwa nzito kidogo, isiyo na haraka, na yeye mwenyewe alishika koo kwa mshangao.

Mwezi wa Novemba mwaka huo koo lilianza kumuuma, akalazwa hospitali ya hapa Mbeya mwezi wa Januari 1978, madaktari wakagundua uvimbe, wakafanya yote yaliyo katika uwezo wao, lakini kuanzia Machi sauti ikapotea kabisa, akarudi nyumbani, akawa anazungumza nasi kwa macho na kwa vidole.

Asubuhi ya Jumatano tarehe 14 Juni 1978, ukungu ukiwa umefunika nyumba hii hata jirani haonekani, watoto walikuwa jikoni pamoja na majirani wawili, wote wakamsikia mama yao akisema kutoka chumbani, kwa sauti safi ya zamani, "Fungueni mlango, mgeni anapigwa na baridi," shemeji Eliezeri akakimbilia chumbani na Lusia akakimbilia mlangoni, na alipofungua alimkuta Mama Kalista Ngolo amesimama kwenye ukungu, miguu imelowa, ametoka Usangu bila kuitwa na mtu, akasema tu, "Nimeona nije," akaingia akakaa kitandani kwa marehemu, akamshika mkono, na kabla jua halijatoboa ukungu dada yetu akakata roho, na Mama Kalista ndiye aliyemfumba macho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Iganzo waliotuletea kuni na maji bila kuombwa, walimu wanaofundisha na shemeji, kwaya, na watafiti wa Mbeya na Iringa, na kwa namna ya pekee, kwa ombi lake mwenyewe, namtaja Dokta Jailos, aliyefika tangu jana, akaniambia, "Usiniruke, sema kwamba mimi ndiye niliyemwambia akae," nimesema, na waliochimba kaburi ni mashahidi kwamba leo asubuhi alivua koti, akaomba jembe, akachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakukubali kupokewa.

Jeneza litabebwa na wanawake watafiti, jambo ambalo baadhi ya wazee hawakulipenda, tumezungumza nao tangu jana, wamekubali, na sasa naomba tuwapishe njia, kina dada, shikeni taratibu, mlango wa ua ni mwembamba na huko nje njiani kuna utelezi.

Dada Sekela, umechoka kwa haki, lala, na Bwana akupe amani uliyowatafutia wengine.