Jembe la Mama Placidia

Hiace ilipotoka Kayanga, Adventina, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akirudi nyumbani likizo, alijifanya amelala ili asikilize vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, binti mmoja mtafiti alikuwa amefanya kosa la kumweleza Mama Placidia, mkulima wa Kihanga, kazi yake: anapima dalili za matatizo ya ulaji kwa wasichana wa vyuo vikuu.

"Unawapima kwa mizani?" mama aliuliza, mkungu wa ndizi ukiwa miguuni pake.

"Kwa maswali, mama. Kwa mfano, unafikiria chakula muda wote?"

"Mkopo haujaingia, afikirie nini kingine? Mbingu?"

"Unakula kwa kujificha?"

"Chumba kimoja wasichana sita! Ukila hadharani utabaki na sufuria."

Gari zima likacheka, isipokuwa mtafiti. "Wengine wanajitapisha baada ya kula, mama, kwa kuogopa kunenepa."

"Kunenepa nako kunaogopwa? Huyo mniletee Kihanga nimpe jembe. Akilima mpaka saa sita, tuone kama atayatapika matoke yangu!"

"Huo ni ugonjwa, mama. Jembe haliutibu."

"Umejaribu lini?"

Adventina alisahau kwamba amelala. Alicheka kuliko wote, kama mwizi anayesaidia kupiga kelele za mwizi.

Gari likasimama Kihanga. Adventina akashuka, akamkuta mama yake mzazi akimsubiri kituoni.

"Shikamoo, mama."

Mama yake hata hakuitikia. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akapiga kigelegele.

"Mwanangu, umenenepa! Mungu asifiwe! Twende ukale."