Kijiji cha Ng'ambo ya Mlima

Mwaka 1979 nilipanda teksi ya abiria huko Uarabuni, kutoka Ibra kwenda Sur, nikakaa kati ya watu wawili wasiojuana. Bibi wa kulia kwangu alilalamika kwa Kiswahili juu ya joto, na bwana wa kushoto akamwamkia papo hapo, "Shikamoo, bibi." Akasema yeye ni Khalaf, kakulia Bujumbura, na sasa yuko serikalini, anapanga mipaka ya wilaya. Afadhali angesema anauza tende.

"Marahaba," akajibu bibi, Fakhriya, mzaliwa wa Wete. "Kumbe ni nyinyi mliokitia kijiji chetu wilaya ya ng'ambo ya mlima! Hospitali ya upande huu taa zake tunaziona. Mume wangu alipopooza, gari ya wagonjwa ilitoka huko mlikotuandika, ikauzunguka mlima mzima. Ilimkuta keshakufa."

Khalaf aliinama. "Mungu amrehemu. Lakini, bibi, hatukuamua wenyewe. Tuliwauliza watu wa kabila, wakasema wanataka kuwa pamoja na sheikh wao, mkuu wa kabila, na sheikh yuko ng'ambo."

"Watu gani? Wanaume watatu mliokunywa nao kahawa! Kwangu mlipiga hodi?"

"Mipaka lazima iwepo, bibi."

"Na mlima je, hamkuuona?"

Mimi nilijifanya nimelala.

Teksi iliposimama njia panda, Bi Fakhriya alishuka na kikapu chake. Khalaf akaruka chini kumpokea, bibi akakivuta.

"Wacha, mwanangu. Huku si wilaya yako."