Dole Gumba la Baba Mkwe

Bwana asifiwe, hata na sisi wenye tungali na hasira! Ndugu zangu, msinidai tabasamu asubuhi hii. Nimeokolewa, lakini bado nachemka, na Mungu anajua yote mawili.

Mimi ni mtoto wa Itebero, kule porini Walikale, niliolewa huku Nyamitaba, kwenye milima ya baridi ya Masisi. Baba mkwe wangu ni mkubwa wa ukoo. Kila mahari ikipokelewa, yeye njo anapewa maini na figo, sehemu ya heshima, na kasiksi, pombe ya ndizi, ya kushushia. Baada ya karamu moja akaamka dole gumba la mguu limevimba, jekundu, linawaka kama kaa. Hata shuka likiligusa, mzee mzima analia!

Wifi yangu, binti yake, hakungoja. "Amekanyaga dawa mulangoni! Na nani iko anajua dawa hapa? Si huyu wa pori ya Walikale?" Familia ikakaa, ikakata shauri: nirudi kwetu, na mtoto wangu Furaha abaki, maana ni wa ukoo. Furaha bado ananyonya! Nililia mbele za Mungu mpaka sauti ikakauka.

Katika kulia huko likanijia swali, nami naamini Bwana alilituma: mbona dole gumba tu? Mulozi gani anawinda dole moja? Tena nikakumbuka, dole hilo lilishavimba zamani, likapoa lenyewe, nami nilikuwa Itebero kuzaa. Na siku ile pia mzee alitoka kwenye mahari!

Nikasema, "Nitaondoka. Lakini kwanza mzee afike hospitali ya Mweso." Wakampakia kwenye pikipiki. Wifi akapanda nyingine, aje kuona aibu yangu.

Muganga akamchunguza, akapima damu. "Papa, hii inaitwa la goutte." Nikashtuka, maana shuleni, kwa Kifaransa, goutte ilikuwa tone.

"Tone ya nini, Muganga?"

Akacheka, akaeleza. Maini, figo na pombe huongeza asidi fulani ndani ya damu. Mafigo ya mtu yakishindwa kuitoa yote, inaganda kwenye viungo, kama chumvi inavyobaki chini ya sufuria, vipande vyenye ncha kama sindano. Na inapenda mahali penye baridi, mbali na moyo. "Huku Masisi, nini iko na baridi kupita dole ya muguu?"

"Basi si mulango?" wifi akauliza.

"Ni sahani, Mama."

Haleluya! Ni sahani!

"Na maziwa?" mzee akauliza kwa woga, mtu wa ng'ombe.

"Kunywa, Papa. Na maji mengi."

Alipewa dawa, dole likatulia, nami nikabaki na mtoto wangu. Juzi, kwenye mahari nyingine, wakamletea maini yake. Akasukuma sahani mbele ya wifi. "Kula wewe, mwanangu. Miguu yako iko nzima. Mudomo tu njo iko na ugonjwa." Watu walicheka mpaka wakamwaga kasiksi. Wifi hajaniomba msamaha. Nangoja.

Ndugu zangu, mguu ukivimba kwenu, msitafute mwanamke wa kufukuza. Ombeni, kisha ulizeni. Mtegemeeni Mungu: alitupa magoti ya kupiga na mdomo wa kuuliza, na hakasirikii swali. Namshukuru! Na huyu anayelia mgongoni mwangu, anayenikata neno, ndiye Furaha. Anataka kunyonya. Acheni nikae nimnyonyeshe.