Gati Lisifunguliwe kwa Taya

Sogeeni, wanangu, na wewe mjukuu wangu uliyesimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba, ingia ukae hapa kitandani, upande wa mkono wangu wa kulia, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mlangoni na sina nia ya kuyarudia maneno haya. Zimeni hilo feni, linameza maneno yangu. Daktari amewanong'oneza ukumbini kwamba nisichoshwe, nimemsikia, mwambieni nimeamua kuchoka leo kwa kusema kuliko kuchoka kesho kwa kunyamaza. Sikilizeni, na asiyekubaliana nami aumeze ulimi wake mpaka nimalize, kisha akagombane na kaburi.

Nianze na mali, kwa kuwa najua ni mali iliyomfanya mwanangu wa kiume avae viatu vya kutokea asubuhi hii. Nyumba ni yenu wawili, wewe na dada yako, na asiwepo wa kumtoa mwenzake. Karakana ni ya dada yako, pamoja na winchi, mashine ya kuchomelea na zile injini mbovu ambazo ameapa tangu utotoni kwamba atazifufua, kwa sababu yeye ndiye aliyejipaka grisi mikononi wakati wewe unajipaka mafuta ya nywele, na hilo usilichukue kama tusi, kila mtu na kipaji chake. Boti, na kiti chake, na fimbo zake zote za kuvulia, nampa mjukuu wangu, mtoto wa marehemu kaka yenu. Gati ni lenu nyote watatu, na hapo ndipo penye neno.

Mwanangu, usiangalie chini, mtu mzima haangalii chini mbele ya babaye. Najua umeshakaa na watu wa klabu ya wavuvi wa papa, ukanywa chai yao, mkakubaliana kwamba nikishafumba macho mtawauzia gati. Hujaniambia, lakini fundi wao wa mbao alikuja kupima nguzo zangu juzi mimi nikiwa dirishani, akidhani mgonjwa wa mapafu ni kipofu pia. Sasa shika ninalosema mbele ya nduguzo: gati lile lisiuzwe kwa klabu, lisikodishwe, lisiazimwe hata kwa kufungia kamba wakati wa mvua, maadamu yule Taya wao anapumua. Ndilo gati pekee lenye kina upande huu, na mnyororo niliouweka mlangoni mwake sikuuweka kwa mapambo.

Wewe mjukuu wangu ulikuwa tumboni mwa mama yako baba yako alipokufa, na wakubwa wamekuwa wakikuelezea habari hii kwa kuimung'unya. Leo uisikie kutoka kwangu.

Kwanza ujue kwamba sikuwahi kuuchukia mchezo wenyewe wa kuvua papa. Nimewapeleka baharini madaktari wa meno, washonaji, mahakimu, wenye maduka ya vitasa, watu ambao nchi kavu hawathubutu kuvuka barabara mpaka washikwe mkono, na nikawaona wakigeuka mbele ya macho yangu. Unamwaga ndoo ya damu na matumbo ya samaki nyuma ya boti, harufu inakukaa kwenye nywele mpaka mkeo anakulaza sebuleni, halafu unangoja. Watu wanataniana, mmoja anatapika, mwingine anasinzia, na ghafla kile kigurudumu cha mshipi kinapiga ukelele na fimbo inapinda mpaka ncha yake inanusa maji. Hapo hakuna tena hakimu wala mshonaji. Mtu aliyefungwa mikanda kitini anacheka na kulia kwa pamoja, na chini yake kuna mnyama mzito kuliko ng'ombe ambaye bado hajaamua kukasirika. Mimi, na uzee huu, nikiota ndoto njema ni ukelele ule ninaousikia. Raha ile ni ya kweli, na anayewaambia si ya kweli anawadanganya, ila ni raha yenye meno, na anayeiendea awe na watu wa kuaminika nyuma ya mgongo wake.

Mimi nilimwamini Taya. Enzi hizo hakuwa na jina hilo, nilimwita rafiki, na kaka yenu alimwita baba mdogo. Boti tuliinunua pamoja, tukalipaka rangi gati pamoja, na mama yenu alipojifungua huyu binti yangu fundi ni yeye aliyetuendesha hospitalini huku akiimba njia nzima ili mama yenu asisikie nilivyokuwa nalia.

Siku ya mashindano ya klabu alikaa kitini yeye, mimi nikashika usukani juu, na kaka yenu akawa mshika waya. Mjukuu wangu, kazi hiyo unaijua, lakini hawa wawili wa nchi kavu hawaijui, kwa hiyo niwaeleze. Aliyekaa kitini ndiye mwenye samaki, na mtu mwingine akiigusa fimbo yake, samaki hahesabiki. Lakini mwisho wa mshipi kuna kipande cha waya, kwa kuwa meno ya papa hukata mshipi wowote, na samaki akifika karibu na boti waya ule unashikwa na mshika waya, kwa glavu zake, anauvuta kwa mikono. Anavuta, na papa akigoma anaachia, kisha anavuta tena. Asichotakiwa kufanya ni kuuzungusha kiganjani. Ukiuzungusha unapata nguvu maradufu ya kuvuta, ila uwezo wa kuachia umeutupa mwenyewe. Kaka yenu alilijua hilo kuliko alivyojua kuandika jina lake.

Papa alikuwa mkubwa, sitawadanganya, mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona ubavuni mwa boti yangu. Kaka yenu alimvuta mara mbili na mara mbili akamwachia, kama ipasavyo, na jua lilikuwa linashuka na muda wa mashindano unakwisha. Injini zilikuwa zinanguruma. Nikageuza shingo kutazama nyuma, nikaona mdomo wa Taya ukifunguka, ukafunguka tena, mishipa ya shingo imemtoka, na macho kamkazia mwanangu. Nikamwona mwanangu akisita. Halafu nikamwona akizungusha.

Palikuwa na mtu pale, kisha pakawa na ukingo mtupu.

Nilizima injini nikajirusha. Waya ulipomwachia ulikuwa umeshamshusha mbali, naye aliporudi juu alirudi kifudifudi, na mkono wake sitawasimulia. Nilimpandisha, nikamlaza, nikawa nambonyeza kifua na kumpulizia pumzi, sioni wala sisikii. Nilipoinua uso, wanangu, Taya alikuwa bado kitini, na rafiki zake wa klabu, waliofika kwa boti nyingine, walikuwa wamekwisha kumtia papa kulabu na kumfunga ubavuni. Alimalizia samaki wake. Tukaingia gatini na maiti mbili, moja chini ya turubai na nyingine ikining'inia nje, na watu waliokuwa wanangoja wakaikimbilia kwanza ile ya nje, wapige picha.

Mataya ya samaki yule ndiyo yaliyo juu ya mlango wa klabu mpaka leo, na ndiyo yaliyompa jina.

Mkaguzi wa polisi alipotuita, Taya akasema kijana alizungusha waya kwa kiburi chake, kwamba alitaka sifa. Kiburi! Kaka yenu, aliyekuwa akiona haya hata kudai chenji dukani. Nikasimama nikasema aliamriwa. Mkaguzi akaniuliza, "Ulimsikia akimwamuru?" Nikamjibu, "Nilimwona mdomo." Akasema, "Sikukuuliza ulichoona, mzee." Nami sikusema uongo, ingawa mama yenu alinisihi niuseme, akaniambia sema ulisikia, nani atakusuta. Nilishindwa kumzika mwanangu juu ya uongo. Faili likafungwa, na jina la kaka yenu likabaki limeandikwa humo kuwa la mpumbavu aliyejiua kwa majivuno. Mama yenu alikufa akiwa hajaacha kuniuliza ilinigharimu nini kusema neno moja.

Tangu hapo sijamwacha Taya apumue vizuri, na nayatamka haya bila aibu. Nililifunga gati, na boti zao kubwa zikawa zinangoja maji yajae kule kwenye tope, na wakati mwingine nilikuwa natoka na kiti changu nikanywe chai nikiwatazama wakisukuma. Nilinunua chambo chote kizuri kila alfajiri, wakabakiwa na ngisi walionuka mpaka wateja wao wakashuka botini. Mbwa wangu nilimpa jina halisi la Taya, lile alilopewa na mama yake mzazi, na nilikuwa namwita kwa sauti klabu inapojaa. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga hawakukosea, nami kovu langu nililikuna kila siku makusudi ili lisipoe. Wapo walionijia na maneno ya samahani, eti yaliyopita si ndwele. Nikawauliza kama yamepita, mbona mataya bado yako mlangoni?

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sasa nije kwako, mjukuu wangu, maana wewe ndiye uliyeniuma kuliko baba yako mdogo na chai yake. Najua unakwenda klabu. Najua umekuwa mshika waya kwenye boti zao, wewe mtoto wa yule, na unaogea sabuni nyingi ukirudi ukidhani pua yangu nayo imelazwa. Nimelijua hili muda, nikanyamaza, kwa kuwa niliogopa nikikukataza utaniacha. Nikajisemea, huyu mtu amekula baba na sasa anatafuna mtoto. Nilitaka nikuapishe leo, hapa, mkono juu ya mkono wangu, kwamba boti yangu utaipata siku utakapoacha kukanyaga ya kwao. Leta kiganja.

Mbona hivi?

Ngoja, leta na cha pili. Fundi, mwanangu, washa taa, au basi, haina haja, vidole vyangu vinaona. Sugu hizi ziko ndani ya vidole tu. Mgongoni mwa mkono ni laini, hakuna alama, hakuna mkwaruzo. Hujawahi kuuzungusha hata siku moja. Vijana wote wa siku hizi wanazungusha wakiwa na haraka, nimewaona, na mimi sikukufundisha, sikutaka hata uijue kazi hii. Nani kakufundisha kuachia?

Sema kwa nguvu.

"Ni yeye, babu."

Yeye nani? Mtaje.

"Babu Taya. Siku ya kwanza aliniambia, mtu yeyote akikuamuru uzungushe, usimsikilize, hata akiwa mimi. Akaniambia, hasa akiwa mimi. Halafu akaondoka, hakurudi siku ile."

Rudia. Mwisho wake hapo, rudia.

"Hasa akiwa mimi."

Wanangu. Mmesikia? Mwanangu wa kiume, wewe uliyekunywa chai nao, umesikia kwa masikio yako? Fundi, umesikia? Miaka yote hii nimetazama mdomo ule ukifunguka usiku na mchana, bila sauti, na sasa sauti inaletwa na mtoto. Aliamuru. Kaka yenu hakuwa na kiburi. Aliambiwa na baba yake mdogo, akatii, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea awatii wakubwa.

Usilie, mjukuu wangu. Na msinitazame hivyo mkidhani nimelainika. Kukufundisha wewe si kunilipa mimi. Yule mtu amekuwa na neno hilo kinywani muda wote, angeweza kuvuka barabara, angeweza kuligonga dirisha hili, mama yenu angelisikia akafa ametulia. Badala yake amelinong'ona nyuma ya boti, kwa mtoto ambaye hangemhukumu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ameirefusha mpaka mimi nimefika mwisho wa yangu.

Basi nabadilisha. Boti ni yako, bila kiapo. Panda boti ya mtu yeyote umtakaye, mradi mikono yako ibaki hivi ilivyo. Mali nyingine ni kama nilivyosema. Baba yako mdogo akilikarabati gati alikodishe kwa wauza samaki, kwa shule, kwa wapenzi wanaotaka kuketi miguu majini, simzuii.

Ila Taya aje.

Nenda wewe, usitume mtu. Mkute pale barazani anapokaa, mbele ya watu wake, umwambie mgonjwa anamwita. Asije na maua, asije na mchungaji wala shehe, asije kunishika mkono. Aje asimame pale penye ukuta na aseme, kwa sauti, alichomwamuru mwanangu, neno kwa neno, mbele ya hawa wawili. Kisha aende kwa wakubwa wenye lile faili akaseme tena. Na akishasema yote, gati bado lisifunguliwe kwake. Sikusema nimesamehe. Nataka kusikia tu.

Pumzi... ngojeni. Inarudi.

Mungu awatunze, wanangu. Wewe fundi, ufufue zile injini. Wewe wa viatu vizuri, nakupenda, ulikuwa unanichekesha kuliko wote, umtunze dada yako. Na wewe... nenda, unangoja nini, nenda. Mguu wako uwe mwepesi, na bahari ikurudishe kila utakapotoka.

Amekwenda? Nasikia viatu vyake ngazini. Vizuri.

Wanangu, sogeeni. Hapa. Akichelewa... akinikuta nimekwisha, msimrudishe mlangoni. Wanasema masikio ndiyo ya mwisho kufa. Mwacheni asimame palepale ukutani, aseme yote, kwa nguvu, kama alivyopiga kelele siku ile.

Na msinifunike uso... mpaka amalize.