Bi. Lurline Swaby, Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Leo Jumamosi, tarehe 24 Agosti 2019, tunamsindikiza Bi. Lurline Veronica Swaby, na kabla udongo haujamfunika familia imeomba maisha yake yasomwe kama yalivyokuwa, bila kuongezwa chumvi. Karatasi hii imeandikwa na inasomwa na mdogo wake wa pekee, Linval Pottinger, fundi magari wa hapa hapa Bellas Rest. Mtakaposikia humu kwamba mdogo wa marehemu alisema jambo la kipumbavu, mjue ni mimi, na baada ya hapo sitajitaja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Bellas Rest, mkoani Manchester wa kisiwa chetu hiki, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Bw. Eustace Pottinger, mkulima wa viazi vikuu, na Bi. Zilpha Pottinger, mshonaji. Mama yetu alikuwa akisema watoto wengine walizaliwa wakilia, ila huyu alizaliwa akiuliza. Akiwa na miaka mitano alimuuliza mchungaji katikati ya mahubiri kwa nini Kaini hakuitiwa mashahidi. Alitolewa nje. Huko nje aliendelea kuuliza.

Alianza masomo mwaka 1963 katika shule ya msingi ya Kanisa la Moraviani, na akawa wa kwanza darasani miaka minne mfululizo. Julai 1971 baba alianguka kutoka mwamba wa shambani akavunjika nyonga. Nyumba ilikuwa na uwezo wa kumbakiza mtoto mmoja tu shuleni. Marehemu, akiwa na miaka kumi na minne, alivua sare yake, akaifua, akaipiga pasi, akaipeleka kwa jirani aliyekuwa na binti. Mdogo wake akabaki shuleni. Kila jioni dada alimketisha jikoni amweleze yote aliyofundishwa siku ile. Akisema amesahau, alinyimwa andazi. Mdogo wake hakuwa na akili nyingi, lakini alipenda maandazi, na kwa njia hiyo wote wawili wakasoma.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na Bw. Vinton Swaby, dereva wa malori ya boksiti, mtu mpole aliyepiga honi mara tatu kila alipopita mbele ya nyumba yao, hata kama ndani hamna mtu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Desrine na Kelroy. Bw. Vinton alifariki tarehe 17 Novemba 2009. Mwaka uliofuata marehemu alijiandikisha masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa. Alifaulu masomo matano katika miaka saba. Hesabu ilimtoa jasho: aliifanya mara tatu.

Kwa upande wa kazi, tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa kuwa mpishi katika gereza moja ambalo familia haitalitaja, kwa kuwa mambo yake bado yako kwa mawakili. Alipika pale miaka thelathini na moja. Wafungwa walimwita Mama Chungu. Alimjua mgonjwa kwa bakuli lililorudi na uji, na mwenye huzuni kwa bakuli lililorudi limerambwa bila neno la shukrani. Msaidizi wake wa kuchambua maharagwe alikuwa mahabusu mmoja, Bw. Tyndale Facey, aliyeletwa mwaka 1993 akiwa na miaka ishirini na sita kwa kosa la kuvunja kioo cha duka. Siku zile akili yake ilikuwa haijatulia, na mahakama ikaamuru awekwe gerezani hadi apone ndipo ajibu mashtaka. Alipona baada ya mwaka mmoja. Hakuna aliyerudi kumchukua. Mama yake alikufa, ndugu wakahama, na yeye akaendelea kuchambua maharagwe. Marehemu alipostaafu mwaka 2017, Bw. Facey alimsindikiza hadi mlango wa jikoni, mwisho wa ruhusa yake, akamwambia, "Mama, ukifika nje niulizie. Wananikumbuka, au walishanisahau?"

Marehemu aliuliza. Aliuliza wakubwa wa gereza, aliuliza kituo cha polisi, aliuliza ofisi mbili za serikali. Kila alipofika aliambiwa kwamba hayo ni mambo ya kisheria, mama, huwezi kuyaelewa. Basi akaenda kuyasomea.

Tarehe 3 Septemba 2018, akiwa na miaka sitini na mmoja, alianza mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria na elimu ya uhalifu katika chuo kikuu mjini Mandeville. Mdogo wake alicheka mpaka akaangusha spana. Alimwambia, "Dada, mpaka umalize, kesi yako ya kwanza si utaisimamia mbele ya malaika?"

Marehemu akamjibu, "Huko mbinguni wana mawakili wa kutosha. Wewe washa gari. Nikichelewa siku ya kwanza, kesi ya kwanza ni yako."

Alikuwa amevaa tangu alfajiri: viatu vipya, mkoba mpya, kalamu sita. Alipoingia darasani vijana wote arobaini na wawili walisimama wakamwamkia kwa pamoja, wakidhani ndiye mhadhiri. Marehemu akaitikia vizuri, kisha akasema, "Kaeni, wanangu. Na mimi nimekuja kunakili." Tangu siku hiyo jina lake chuoni likawa Mama Jaji.

Wenye kuishi hapa Bellas Rest hamhitaji kukumbushwa mwaka ule ulivyokuwa. Alirudi kila Ijumaa na baraza yake ikawa darasa. Mlango wa gari haujafungwa vizuri keshaanza kueleza. Alijifunza kwamba kosa la jinai lina miguu miwili, tendo na nia, na kwa wiki nzima hatukupumua. Mdogo wake alipokula mkate wake wa viungo uliokuwa umefunikwa mezani, alisomewa mashtaka mbele ya majirani: tendo lipo, makombo yanaonekana, je, nia ilikuwepo? Mshtakiwa alijitetea kwamba alikuwa na njaa. Marehemu alifungua kitabu, akatafuta, akasema kwa furaha kubwa kwamba njaa imewahi kujaribiwa na ikakataliwa. Mbuzi wa Bi. Myrtle alishtakiwa kwa kuingia shambani bila idhini, akaachiwa kwa kukosa nia. Watoto waliotumwa dukani walirudi bila chumvi, kwa sababu walisimama kusikiliza.

Somo la uhalifu alilipenda na kugombana nalo. Aliposoma mahali kwamba wapo watu waliozaliwa wahalifu, ukiwatazama paji la uso utawajua, alifunga kitabu akasema, "Huyu mwandishi hajawahi kumpikia mtu." Kisha akakifungua tena, kwa kuwa mtihani ungeuliza. Waliosoma naye wanasema hakuna aliyethubutu kusinzia akikaa karibu yake. Alikuwa akiwagusa kwa kiwiko na kuwanong'oneza, "Amka, amka, sasa panafika patamu."

Mwezi Oktoba, mhadhiri wao, Dkt. Althea Runcie, aliyetuheshimu kwa kuwa nasi hapa leo, alifundisha kuhusu uhuru wa mtu na muda anaoweza kushikiliwa kabla ya hukumu. Marehemu akanyoosha mkono. Aliuliza iwapo sheria ile ina habari za mtu aliyekunywa uji wake kwa miaka ishirini na minne bila kuhukumiwa. Vijana wakacheka, wakidhani ni utani wa Mama Jaji. Dkt. Runcie hakucheka. Alimwomba asimame aeleze, naye akaeleza hadi mwisho.

"Mtu huyo alipaswa kurudishwa mbele ya hakimu," Dkt. Runcie alisema. "Mara tu alipopona."

"Nani wa kumrudisha?"

"Lazima mtu aiombe mahakama."

"Mtu gani, mwalimu? Mimi nafaa?"

Dkt. Runcie ametuambia kwamba amefundisha miaka kumi na tisa na hakuwahi kuulizwa swali lile. Alimjibu kwamba anafaa, ila kwanza apatikane uthibitisho kwamba kesi ilikuwepo.

Alhamisi hawakuwa na vipindi. Kila Alhamisi marehemu alikwenda masijala ya mahakama, akiwa na chakula chake kwenye bakuli na daftari lake. Aliambiwa jalada la mwaka 1993 liliharibiwa na mafuriko. Akasema sawa, ataanza na yale yaliyokauka. Alikwenda Alhamisi saba. Ile ya nane, tarehe 6 Desemba, karani aliyekuwa ameshamzoea na kuanza kula naye alimfungulia stoo ya rejesta za zamani. Mdogo wake alikuwa chini ya gari la mteja simu ilipolia. Alisikia mtu akihema, akadhani dada yake amepata ajali.

"Nimempata, Linval," akasema. "Yumo ndani ya kitabu. Ukurasa wa mia mbili na tatu, mstari wa kumi na nne. Wameandika aletwe akipona, na mahali pa tarehe hawakuandika kitu."

Dkt. Runcie alimkabidhi jambo hilo aliyekuwa mwanafunzi wake, wakili Nerine Ebanks, naye akafungua maombi mahakamani bila kudai malipo.

Kuhusu ugonjwa, maumivu ya tumbo yalianza Januari mwaka huu. Marehemu aliyalaumu maandazi ya mgahawa wa chuo. Tarehe 5 Machi madaktari waligundua saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshasambaa. Alimuuliza daktari swali moja: mitihani inaanza tarehe 6 Mei, atafika? Daktari akasema hawezi kumwahidi. "Sikuulizi ahadi, mwanangu," marehemu akamwambia. "Nakuuliza kama inawezekana." Daktari akakubali kwamba inawezekana. Alifanya mitihani yote sita, kila siku na mto wake wa kukalia. Wanafunzi wenzake walipokezana kumbebea ule mto, na tumesikia waligombania zamu.

Jumatano tarehe 12 Juni, Kelroy alimpeleka mahakamani katika pikapu yake, akiwa amemlaza kiti cha mbele. Bw. Tyndale Facey aliingizwa akiwa na miaka hamsini na miwili, katika shati alilonunuliwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jaji alimuuliza kama anaelewa yuko wapi na kwa nini. Bw. Facey akasema anaelewa: alivunja kioo, na anaomba radhi, kama mwenye duka bado yuko. Duka lilishafungwa tangu mwaka 2001. Jaji alisoma ule mstari wa kumi na nne, akausoma tena, akavua miwani. Akafuta shtaka, akaamuru aachiwe pale pale. Kisha akamuuliza wakili Ebanks ni nani aliyeugundua mstari huo, na wakili akamwelekeza kwenye benchi la nyuma.

Marehemu alisimama. Kelroy alitaka kumshika, yeye akausukuma mkono wa mwanawe.

"Wewe ni wakili, mama?" jaji akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza."

Wenzake walikuwa wamejaza benchi mbili na walikuwa wameonywa wasipige makofi. Walitii kwa muda mfupi.

Matokeo yalitoka tarehe 19 Julai. Alifaulu masomo matano. Sheria ya mikataba alipata alama arobaini na saba, na ya kufaulu ni hamsini. Alikasirika kama mtoto, akajiandikisha kurudia mtihani tarehe 12 Agosti. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ubavu wa kumzuia. Mikono ilikuwa haiwezi tena kubeba kitabu, hivyo mdogo wake akaketi kando ya kitanda akimsomea, yeye aliyewahi kubakizwa shuleni, sasa akitamka maneno asiyoyaelewa na kusahihishwa kila mstari.

Alhamisi tarehe 8 Agosti, mchana, walikuwa kwenye sura ya pendekezo la mkataba na kukubaliwa kwake. Marehemu alikuwa amefumba macho kwa muda mrefu. Mdogo wake alimuuliza kama amechoka, kama aache kusoma. Hakujibu. Mdogo wake akakifunga kitabu polepole. Marehemu akafumbua jicho moja.

"Kunyamaza si kukubali, Linval. Soma."

Akasoma sura yote hadi mwisho. Siku iliyofuata, Ijumaa tarehe 9 Agosti 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Bi. Lurline Veronica Swaby alifariki nyumbani kwake, watoto wake wawili wakiwa wamemshika mikono, siku tatu kabla ya mtihani wake.

Marehemu ameacha watoto wawili, Desrine, muuguzi Toronto, na Kelroy, mkulima, wajukuu watano, mdogo wake Linval, na Bw. Tyndale Facey, ambaye kwa uamuzi wa familia ameandikwa hapa kuwa ndugu na anaishi nyumbani kwa Kelroy. Na wanafunzi wenzake arobaini na wawili, waliosimama pale ukutani kwa kuwa viti havikutosha, ambao Jumatatu ijayo wanaanza mwaka wa pili.

Mungu amweke dada yetu mahali pema, na amani ikae naye.