Kikombe cha Pili cha Bi. Namekawa

Tarehe 31 Machi, Bi. Chizuru Namekawa anastaafu baada ya kuitumikia Manispaa ya Oginosawa kwa miaka thelathini na minne, mingi kati ya hiyo kwenye Dawati la Wazee. Anarudi nyumbani kumtunza mumewe, Bwana Seiji, ambaye tangu apate kiharusi hawezi kuoga wala kuvaa bila kushikwa. Wengine huacha kazi wakapumzike. Yeye anakwenda kwenye kazi ileile, ila hakuwa na mwenzake wa kupokezana naye, na jambo hilo lilitukaa moyoni sote.

Alianzia idara ya maji, akisoma mita zilizofukiwa na theluji. Husema mwenyewe kwamba huko ndiko alikojifunza kufukua. Bima ya matunzo ya wazee ilipoanza akahamishiwa kwetu kuwa mpimaji, yule anayetumwa nyumbani kumwona mzee ili serikali iamue kama atapewa msaada, na kiasi gani.

Kwa maelezo ni kazi nyepesi. Lakini nani asiyewajua wazee wetu? Wakisikia mtu wa ofisi anakuja, nyumba nzima inapigwa deki, bibi anapaka poda, babu anajikaza kisabuni. Aliyekuwa akitambaa jana, leo anakupokea mlangoni. Kila akiulizwa, anaweza. Familia inaujua ukweli lakini haitamwaibisha mkubwa wao mbele ya mgeni, basi inanyamaza, na jibu linarudi kwamba hahitaji msaada. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingi anayeanza kuanguka ni yule anayemtunza.

Dawa ya Bi. Namekawa ilikuwa kuomba kikombe cha pili cha chai. Alitufundisha kwamba kila mzee wa Oginosawa ana nguvu za kujikaza kwa muda wa kikombe kimoja tu. Tulimtania kwamba analipwa kwa birika, na dereva wetu alikuwa akinung'unika garini kwamba mama huyu hajui kuaga.

Mitsue Iwabuchi, aliyepo nasi ukumbini leo, ameniruhusu nieleze yaliyompata. Alifiwa na mumewe akabaki na baba mkwe wake, Mzee Tokuji, aliyekuwa seremala wa mahekalu. Kwa miaka alimwogesha na kumgeuza kitandani peke yake, mpaka mgongo wake ukaanza kumgomea. Ombi la kwanza la msaada lilikataliwa, kwa kuwa mzee alimwonyesha mpimaji mwingine jinsi anavyopanda ngazi. Kama na la pili lingekataliwa, Mitsue hakujua angefanya nini.

Bi. Namekawa alipofika, Mzee Tokuji alikuwa ameketi wima, amevaa koti na tai. Waswahili husema kufa na tai shingoni. Mzee huyu alikuwa tayari kabisa. Alijibu kila swali kwa ufasaha. Mitsue alitazama sakafu. Kikombe cha kwanza kikaisha, Bi. Namekawa akaomba cha pili, na kipande kingine cha figili ya chumvi. Wakazungumza habari za mbao. Hatimaye mzee akataka kwenda msalani, akajaribu kuinuka, akashindwa. Mitsue aliupitisha mkono chini ya mkanda wa mzee na kumwinua mara moja, bila hata kutazama. Mkono ule ulisema yote.

"Hilo usiandike," mzee akasema.

"Nisipoandika, Mzee, siku Mitsue akianguka nani atamwinua yeye?"

Mzee alisimama pale, bado ameshikiliwa. Kisha akasema, "Andika."

Msaada ulipatikana. Bi. Namekawa hakuishia hapo, kwa maana alijua kosa jingine la nyumba zetu. Kwetu mkamwana akishaingia huhesabiwa wa nyumba hiyo, na watu hudhani sheria nayo inamhesabu hivyo. Haimhesabu. Mzee Tokuji alishtuka kusikia kwamba akifa, nyumba ni ya mwanawe mdogo aliyeko Osaka, na Mitsue hana haki ya hata mlango. Akili yake ikiwa bado timamu, aliandika wosia wa kumwachia Mitsue nyumba, akamfanya pia kuwa binti yake kisheria. Siku hiyo alimwambia, "Nimechelewa kukuita mwanangu." Alipofariki, mirathi ilifungwa bila ugomvi, na Mitsue bado anaishi pale.

Mwezi uliopita nilitumwa nyumbani kwa Bi. Namekawa mwenyewe, kumpima Bwana Seiji. Nilikuta sakafu inang'aa. Bwana Seiji amevishwa sweta mpya, na Bi. Namekawa mwenyewe amepaka poda. Kila nilipouliza, alijibu yeye: tunaweza, tumeshazoea, kuna wenye shida kuliko sisi. Alikuwa na kitambaa cha dawa ya mgongo kiunoni, amekificha chini ya fulana, ila kilichungulia alipoinama. Nilimaliza chai yangu. Nikataka kuinuka, kisha nikamnyooshea kikombe.

"Umenikamata," alisema, na machozi yakamtoka. Bwana Seiji, ambaye siku hizi maneno yake ni machache, akasema polepole, "Mpe chai."

Kuanzia Aprili watakuja wasaidizi wa kumwogesha, na kwa siku kadhaa kila mwezi Bwana Seiji atalala kwenye kituo cha wazee ili mkewe naye alale.

Bi. Namekawa, umetuinua wengi, ahsante. Tunakuombea mgongo wenye afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi pamoja na Bwana Seiji. Na ukiliona gari la manispaa linaingia uani, tafadhali usipige deki.